Umeongeza RAM na Kompyuta Imeanza Kuganda: Mwongozo Kamili wa Kutafuta Chanzo na Kukiondoa

Malalamiko ni yale yale. Mtu alikuwa na RAM mbili za GB 8 na kompyuta yake ilifanya kazi miaka miwili bila kasoro. Akanunua nyingine mbili zinazofanana nazo, akazichomeka, mashine ikasoma GB 32 kama ilivyotakiwa, na baada ya saa moja skrini ikageuka bluu. Anarudi dukani, anabadilishiwa, tatizo linabaki pale pale, na mwishowe ananunua hata pawasaplai mpya ilhali ya zamani haikuwa na kosa. Nimeuona mzunguko huu mezani pangu mara nyingi, na katika visa vingi RAM zilizorudishwa dukani zilikuwa nzima.

Mwongozo huu unahusu zaidi kompyuta ya mezani yenye sloti nne za RAM. Mwenye kompyuta mpakato afuate hatua zile zile, isipokuwa yale yanayohusu mpangilio wa sloti nne na upandishaji wa kasi, ambayo kwa kawaida mashine yake haiyaruhusu.

## Vitu vya kuandaa

- Flashi tupu ya GB 1 au zaidi, na kompyuta nyingine nzima ya kuitayarishia.
- Programu ya Memtest86+ ya kupima RAM, ambayo hutolewa bure.
- Diski ya nje ya kuhifadhi nakala ya kazi zako.
- Bisibisi ya nyota, tochi, na brashi laini iliyo kavu.
- Spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, ile wanayotumia mafundi simu, pamoja na kitambaa kisichoacha nyuzi.
- Kitabu cha maelezo cha bodi mama, ambacho pia hupatikana katika tovuti ya mtengenezaji kwa kutafuta jina la modeli lililochapwa kwenye bodi yenyewe.
- Kalamu na karatasi. Usidharau hiki cha mwisho. Kufikia jaribio la sita hutakumbuka RAM ipi ilikuwa sloti ipi.
- UPS, yaani kifaa chenye betri kinachoendelea kutoa umeme ukikatika, ikiwa umeme wa mtaani kwako hukatika bila taarifa.

## Kinachotokea RAM zinapoongezeka

Prosesa nyingi za kompyuta za kawaida zina chaneli mbili za RAM, na katika bodi yenye sloti nne kila chaneli huhudumia sloti mbili kwa njia zile zile za shaba. Kwa hiyo unapojaza sloti zote nne hupati chaneli nne, bali unaziweka RAM mbili zishirikiane kila njia.

Fikiria mwalimu anayesoma imla. Akiwa na mwanafunzi mmoja mbele yake anaweza kusoma haraka na kila neno likaandikwa sawasawa. Akiongezwa mwanafunzi wa pili anayekaa nyuma, tena mwenye mwandiko wa taratibu, sauti ile ile inabidi ifike mbali zaidi na kasi ile ile inaanza kuzaa makosa, ingawa wanafunzi wote wawili ni wazima na wana akili. Kidhibiti cha RAM kilichomo ndani ya prosesa ndiye mwalimu huyo. Katika DDR4 (kizazi cha nne cha RAM hizi; DDR5 ni cha tano) ya kasi 3200, kila njia ya data hupitisha alama zaidi ya bilioni tatu kwa sekunde. Kila RAM inayoongezwa huongeza mzigo wa umeme kwenye njia, na sehemu ya mawimbi hugonga mwisho wa njia na kurudi, yakavuruga alama inayofuata. Sifuri moja ikisomwa kama moja, programu inaanguka, au mbaya zaidi, haianguki bali inaandika takwimu isiyo sahihi kwenye diski.

Watengenezaji wenyewe hawalifichi jambo hili. Kwa prosesa za AMD Ryzen 7000, kasi rasmi ya DDR5 ni 5200 ukiwa na RAM mbili, na hushuka hadi 3600 ukiwa na nne. Kwa Ryzen 5000 zinazotumia DDR4, RAM mbili huruhusiwa 3200, ilhali nne hushushwa hadi kati ya 2933 na 2666 kutegemea aina yake. Mnunuzi anayeona 6000 imeandikwa kwenye pakiti hafahamu kwamba namba ile imejaribiwa kwa seti iliyomo ndani ya pakiti hiyo peke yake. Pakiti mbili za aina moja zilizonunuliwa pamoja si seti ya nne. Hata chipu zilizo ndani zinaweza kuwa za matoleo tofauti huku stika zikifanana.

## Hatua ya 1: Hifadhi kazi zako, kisha acha kuitumia mashine kwa kazi

Kompyuta yenye RAM inayokosea inaweza kuharibu faili wakati wa kulinakili. Chomoa kwanza RAM mpya ili mashine irudi katika hali uliyoizoea, ndipo unakili nyaraka kwenye diski ya nje. Usifute nakala za zamani ulizonazo, utazihitaji mwishoni.

Tahadhari: Ikiwa Windows yako imefungwa kwa BitLocker, kufuli yake ya kulinda diski, andika ufunguo wake wa dharura kwenye karatasi sasa hivi. Kubadili mipangilio ya BIOS, ile programu ya bodi mama inayoiamsha kompyuta kabla ya Windows, kunaweza kuifanya Windows idai ufunguo huo kabla ya kufunguka, na asiyekuwa nao hupoteza kila kitu kilichomo.

Umefanikiwa ikiwa: nakala zinafunguka kwenye kompyuta nyingine, na ufunguo uko mfukoni.

## Hatua ya 2: Soma stika za RAM zote, neno kwa neno

Andika kwenye karatasi kila kilichochapwa. Kwa mfano, stika yenye maandishi 8GB 1Rx8 PC4-2666V-U inakuambia mambo manne: ukubwa ni GB 8, ranki ni moja, kizazi ni DDR4 cha kasi 2666, na herufi U ni ya RAM za kawaida za kompyuta za mezani. Ukikuta 2Rx8, hiyo ina ranki mbili, yaani kwa upande wa umeme kidhibiti huiona kama RAM mbili zilizobandikwa kwenye ubao mmoja. RAM nne za ranki mbili ndizo mzigo mkubwa kuliko yote.

Kwa wanaonunua RAM zilizotumika, angalia mitego mitatu. Herufi R mahali pa U inaonyesha RAM ya seva, ambayo haifanyi kazi kwenye bodi ya kawaida hata kama inaingia vizuri kwenye sloti. PC3L hutumia volti 1.35 na PC3 isiyo na L hutumia volti 1.5, kompyuta mpakato nyingi za kizazi cha DDR3L hazitaki ile ya 1.5. Mtego wa tatu ni DDR3 za bei ya kutupa zinazoelezwa kuwa ni za AMD pekee: chipu zake zimepangwa kwa namna ambayo bodi za Intel za kawaida haziielewi, na hakuna mpangilio wa BIOS utakaozisaidia.

Umefanikiwa ikiwa: una orodha ya RAM zote zenye kizazi, kasi, volti na ranki, na kila moja umeibandikia namba yako: 1, 2, 3, 4.

## Hatua ya 3: Rudisha kasi ya kiwandani kabla ya kulaumu kitu chochote

Hii ndiyo hatua ambayo wasomaji wengi huiruka, nayo ndiyo inayomaliza tatizo mara nyingi kuliko zote.

Chomeka RAM zote, washa kompyuta na uingie kwenye BIOS kwa kubonyeza Delete au F2 mfululizo. Tafuta mahali palipoandikwa XMP, au EXPO, au DOCP, na uzime. Kisha chagua «Load Optimized Defaults», hifadhi na utoke.

Sababu ni hii. XMP na EXPO ni mipangilio ya kasi ya juu kuliko ile ya msingi, iliyohifadhiwa ndani ya RAM na mtengenezaji wake. Ulipokuwa na RAM mbili, uliiwasha na ikakubali. Ulipoongeza mbili, bodi iliendelea kutii agizo lile lile la zamani, huku ikibeba mzigo maradufu. Ukiizima, bodi husoma takwimu za msingi za kila RAM na kuchagua zile ambazo hata iliyo nyuma kuliko zote inazimudu.

Tahadhari: Kwenye DDR5, mara ya kwanza baada ya kubadili RAM au kurudisha mipangilio, skrini inaweza kubaki nyeusi kwa dakika kadhaa huku feni zikizunguka. Bodi inajipima na RAM zake. Msomaji mmoja aliniandikia kwamba amezima na kuwasha mara tisa na bodi imekufa. Nilimwomba aiwashe mara ya kumi na aende kunywa chai. Alirudi akaikuta imefunguka. Ipe robo saa nzima kabla ya kuamua kwamba imegoma.

Mashine ikikataa kabisa kuwaka, zima, chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 10 ili chaji iliyobaki iishe, kisha toa ile betri ya duara ya CR2032 kwenye bodi kwa dakika tano na uirudishe. Hapo BIOS itasahau mipangilio yote.

Wenye mashine za ofisini zilizotumika watakuta BIOS yao haina kabisa XMP. Basi hatua hii kwao imekwisha. Mashine hizo tayari zinatumia kasi ya msingi, na chanzo kitafutwe kwenye hatua ya 5 na ya 6.

Umefanikiwa ikiwa: kompyuta inafunguka, na katika Task Manager sehemu ya kumbukumbu unaona ukubwa wote wa RAM na kasi ndogo kuliko ile ya awali, kwa mfano 2400 au 2666 badala ya 3200.

## Hatua ya 4: Pima kwa Memtest86+ usiku kucha

Usipime kwa kufungua kivinjari na kuona kama kitaganda. RAM inaweza kukosea kwenye eneo ambalo Windows hailigusi mpaka ufungue mradi mkubwa wa video.

Weka Memtest86+ kwenye flashi kwa kutumia kompyuta nyingine, anzisha mashine yako kutoka kwenye flashi hiyo, na uiache ifanye kazi bila kuigusa. Ikiwa flashi haionekani au inakataliwa, zima kwa muda Secure Boot kwenye BIOS, ile kinga inayozuia kuanzisha mashine kwa programu isiyoitambua. Kwa GB 32, mzunguko mmoja unaweza kuchukua saa kadhaa. Iache imalize angalau mizunguko minne.

Idadi inayokubalika ya makosa ni sifuri. Nimesikia mafundi wakisema makosa mawili katika usiku mzima si kitu, nami sikubaliani nao hata kidogo: kosa moja linatosha kuharibu hati ya mkopo au picha ya harusi ya mtu.

Umefanikiwa ikiwa: mizunguko minne imekwisha bila mstari mwekundu hata mmoja. RAM zako ni nzima, na chanzo kilikuwa kasi. Nenda moja kwa moja hatua ya 7. Yakitokea makosa, simamisha jaribio na uendelee na hatua ya 5.

## Hatua ya 5: Chomoa, safisha, chomeka upya

Zima, chomoa waya wa umeme, kisha gusa chuma cha kasha ili umeme tuli wa mwilini uondoke. Shika RAM kwenye kingo zake tu. Futa meno yake ya dhahabu kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, acha ikauke, na utoe vumbi ndani ya sloti kwa brashi kavu. Wanaoishi karibu na bahari waangalie kwa tochi kama meno yamefifia au yana madoa ya kijani. Chumvi ya hewani huyala polepole. Usipulize kwa mdomo, kwa kuwa mate ni maji yenye chumvi vilevile.

Sasa angalia sloti. Bodi nyingi hupanga sloti kutoka kwenye prosesa hivi: A1, A2, B1, B2. Ukiwa na RAM mbili, mahali pake ni A2 na B2, yaani ya pili na ya nne, si mbili za mwanzo wala mbili zinazofuatana. Kwenye bodi hizo, njia ya umeme hupita A1 ndipo iishie A2; RAM ikikaa A1 na A2 ikiwa tupu, kipande cha njia kilichobaki wazi hurudisha mawimbi na kuvuruga mawasiliano. Hakikisha kwa kitabu cha bodi yako, maana zipo zilizopangwa vingine.

Ukiwa na seti mbili tofauti, weka RAM za seti moja kwenye A2 na B2, na za seti nyingine kwenye A1 na B1, ili kila chaneli ipate mzigo unaofanana na mwenzake.

Bonyeza ncha zote mbili mpaka usikie mlio wa kubana. Kosa ninalolikuta mara kwa mara ni RAM iliyobana upande mmoja tu huku upande wa pili ukiwa umeinuka kwa unene wa kucha. Kwa macho inaonekana imekaa, na kompyuta inaweza hata kuisoma, lakini joto likipanda meno yanaachana.

Umefanikiwa ikiwa: ukitazama kwa upande, RAM zote ziko kimo kimoja, na Memtest86+ haioni makosa. Yakirudi, endelea.

## Hatua ya 6: Pima RAM moja moja, kisha sloti moja moja

Ni kazi ya kuchosha, lakini hakuna njia ya mkato. Acha RAM namba 1 peke yake kwenye sloti A2, pima mzunguko mmoja, andika matokeo. Fanya vivyo hivyo kwa 2, 3 na 4, kwenye sloti ile ile. Kisha chukua RAM moja iliyofaulu uijaribu kwenye kila sloti.

Karatasi yako itakupa moja kati ya majibu matatu. Ikiwa RAM fulani inakosea popote unapoiweka, hiyo ni mbovu; irudishe dukani pamoja na picha ya skrini ya makosa. Ikiwa RAM zote zinakosea kwenye sloti moja tu au kwenye sloti zote mbili za chaneli moja, tazama bodi na prosesa: pini iliyopinda kwenye soketi, au feni ya prosesa iliyokazwa upande mmoja kuliko mwingine, inaweza kuikata chaneli nzima. Legeza skrubu za feni na uzikaze upya kwa kuzungusha kidogo kidogo kwa mshazari, na usiache kubadilisha gundi ya joto ukiinyanyua.

Jibu la tatu ndilo linalowachanganya watu: kila RAM inafaulu peke yake katika kila sloti, lakini zikiwa nne pamoja zinakosea hata kwa kasi ya kiwandani. Hapo hakuna kifaa cha kurudisha. Ni mchanganyiko wenyewe ambao kidhibiti hakiuwezi, na dawa zake ziko kwenye hatua mbili zinazofuata.

## Hatua ya 7: Sasisha BIOS

Matoleo mapya ya BIOS mara nyingi hurekebisha namna bodi inavyojipima na RAM, hasa kwenye DDR5. Pakua faili la modeli yako kamili. Herufi moja ikitofautiana, hiyo si ya bodi yako.

Tahadhari: Umeme ukikatika katikati ya zoezi hili, bodi inaweza kufa. Tumia UPS. Na usilifanye kwa RAM zinazokosea: acha moja iliyofaulu, sasisha, ndipo uchomeke nyingine.

Umefanikiwa ikiwa: namba ya toleo jipya inaonekana kwenye ukurasa wa kwanza wa BIOS, na RAM nne zinapita Memtest86+ kwa kasi ya kiwandani.

## Hatua ya 8: Pandisha kasi ngazi kwa ngazi, ukitaka

Ikiwa mashine imetulia na kazi zako zinakwenda, una haki ya kuishia hapa. Kwa mtu anayehariri video au kufungua vichupo 60 vya kivinjari, GB 32 zilizo tulivu kwa kasi 2666 zina faida kuliko GB 16 kwa kasi 3200.

Anayetaka zaidi asiiwashe XMP na kuiacha ilivyo. Washa XMP, kisha ushushe kasi kwa mkono. Kwa DDR4, anza 2666, pima, nenda 2933, pima, halafu 3200. Ikikataa ngazi fulani, badili «Command Rate» kutoka 1T kuwa 2T, yaani unampa mwalimu wetu wa imla nafasi ya kupumua kidogo kabla ya kila agizo, na ujaribu tena. Ikikataa tena, rudi ngazi iliyopita na ubaki hapo.

Tahadhari: Usipandishe volti za RAM kupita zile zilizochapwa kwenye stika yake. Kwenye Ryzen 7000, usipandishe volti ya SoC (ile inayolisha kidhibiti cha RAM ndani ya prosesa) kupita 1.3, AMD iliweka kikomo hicho mwaka 2023 baada ya baadhi ya prosesa kuungua. Ushauri wa kuongeza volti mpaka itulie unagharimu prosesa.

Kama hakuna ngazi inayokubali, hesabu gharama kabla ya kuendelea kuhangaika. Kuuza RAM nne za GB 8 na kununua seti moja ya mbili za GB 16 ndiyo tiba ninayoipendekeza, kwa kuwa unapata ukubwa ule ule huku kila chaneli ikibeba RAM moja, na siku nyingine mashine ikiganda utajua kwamba si kwa sababu hii.

## Hatua ya 9: Rekebisha kilichoharibika

RAM ikishatulia, Windows inaweza kuendelea kuanguka kwa sababu mafaili yake yaliandikwa vibaya katika siku za matatizo. Fungua Command Prompt kwa mamlaka ya msimamizi, andika sfc /scannow, na usubiri imalize. Usiitumie amri hii kabla ya Memtest86+ kupita, vinginevyo unarekebisha mafaili kwa RAM ile ile inayoyaharibu.

Programu itakayoendelea kugoma iondoe na uiweke upya. Halafu pitia picha, video na nyaraka ulizonakili au kuhariri tangu siku ulipoongeza RAM, uzifungue moja moja mpaka mwisho, na lile litakalokataa kufunguka lichukue kutoka kwenye nakala za zamani ulizoambiwa usizifute kwenye hatua ya 1.